Kubaini, Kutambua na Kubashiri: Mchango na Mipaka ya Picha za Ubongo katika Mabadiliko ya Awali ya Dimenshia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna picha za ubongo zinavyotumika kuchunguza mabadiliko yanayotangulia dalili za dimenshia, hususani dimenshia inayotokana na ugonjwa wa Alzheimer. Hoja kuu ni kwamba kauli iliyozoeleka kuwa picha "hugundua dimenshia mapema" inachanganya matendo matatu yaliyo tofauti: kubaini badiliko katika ubongo, kutambua ugonjwa wa mtu, na kubashiri hali yake ya baadaye. Picha zina uwezo mkubwa katika tendo la kwanza, uwezo wa kiasi katika la pili, na uwezo mdogo katika la tatu. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala yanaeleza kila aina ya picha huonyesha nini, mabadiliko hufuatana vipi kwa miaka, na kwa nini picha yenye dalili ya ugonjwa haimaanishi daima kwamba mwenye picha ni mgonjwa. Mwisho, makala yanajadili nafasi ya picha hizo katika mazingira ya Tanzania kwa kurejelea tafiti zilizofanyika wilayani Hai.

1.0 Utangulizi

Mzee anapouliza swali lilelile kwa mara ya tatu katika asubuhi moja, jamaa zake aghalabu husema, "Ni uzee tu." Kauli hiyo hutolewa kwa upole, na mara nyingine ni ya kweli, kwa kuwa kumbukumbu hupungua kasi kadiri umri unavyosonga. Hata hivyo, kauli hiyohiyo huweza kuficha ugonjwa ulioanza kuujenga msingi wake ndani ya ubongo miaka kumi au zaidi kabla ya swali hilo kurudiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia duniani, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo, swali la lini ugonjwa huu huanza, na nani anaweza kuuona ukianza, si la nchi tajiri pekee.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, jibu la uhakika lilipatikana baada ya kifo tu, pale mtaalamu wa patholojia alipokata vipande vyembamba vya ubongo na kuvitazama kwa hadubini. Maendeleo ya upigaji picha yameleta jibu hilo karibu na walio hai. Sasa inawezekana kupima ukubwa wa sehemu za ubongo, kiasi cha sukari zinachotumia, na hata protini zilizojikusanya ndani yake, ilhali mhusika amelala kitandani akiwa na fahamu zake zote.

Maendeleo hayo yameleta pia tatizo la lugha ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni tatizo la maarifa vilevile. Katika mazungumzo ya kawaida husemwa kwamba picha "inagundua" dimenshia. Kitenzi hicho hubeba mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni kubaini, yaani kuona kwamba kuna badiliko fulani katika ubongo. La pili ni kutambua, yaani kuamua kwamba mtu huyu ana ugonjwa huu, na kwamba ndio unaosababisha dalili zake. La tatu ni kubashiri, yaani kusema mtu huyu atakuwaje baada ya miaka kadhaa. Matendo hayo yakichanganywa, aliyebainika kuwa na badiliko huenda akapewa jina la mgonjwa, na aliyepewa jina la mgonjwa huenda akahukumiwa kana kwamba hatima yake inajulikana. Sehemu zinazofuata zinayatenganisha.

2.0 Dhana za Msingi

Dimenshia si ugonjwa mmoja. Ni hali ambamo uwezo wa mtu wa kukumbuka, kufikiri, kutumia lugha au kuamua mambo umepungua kiasi cha kumzuia kutekeleza shughuli zake za kila siku bila msaada. Hali hiyo husababishwa na magonjwa mbalimbali: ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikuu, uharibifu wa mishipa ya damu ya ubongo, dimenshia ya miili ya Lewy, na ile inayoanzia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo. Kwa wazee wengi, visababishi viwili au zaidi hukutana katika ubongo mmoja.

Mwaka 1906, mjini Tübingen, daktari Alois Alzheimer alieleza ubongo wa mwanamke ambaye aliwahi kutibiwa Frankfurt kwa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Alionyesha mambo mawili ambayo hadi leo ndiyo alama za ugonjwa uliopewa jina lake. La kwanza ni mabonge yaliyo nje ya seli za neva, ambayo baadaye ilijulikana kuwa yametengenezwa na protini iitwayo beta-amiloidi. La pili ni vifundo vya nyuzi ndani ya seli, vinavyotokana na protini iitwayo tau. Upigaji picha wa kisasa, kwa namna moja au nyingine, ni juhudi ya kuziona alama hizo, au madhara yake, bila kusubiri kifo.

Neno "awali" nalo linahitaji kufasiliwa. Wataalamu huigawa safari ya ugonjwa katika vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza ni kile ambacho mabadiliko yapo lakini mtu hana dalili yoyote. Cha pili ni cha upungufu mdogo wa uwezo wa akili: majaribio ya kumbukumbu yanaonyesha kasoro, lakini mtu bado anajitegemea. Cha tatu ni dimenshia yenyewe. Mjadala wa makala haya unahusu zaidi vipindi viwili vya mwanzo.

3.0 Kila Picha Huona Nini?

Hakuna picha inayoona "dimenshia". Kila kipimo huona kitu kimoja mahususi, na ni muhimu kujua kitu hicho kabla ya kuyasoma matokeo.

3.1 Picha za umbo: CT na MRI

Kipimo cha CT hutumia eksirei zinazopita kichwani kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huunda taswira ya vipande vya ubongo. Kipimo cha MRI hakitumii eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3, pamoja na mawimbi ya redio, kuamsha viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili. Viini hivyo vinaporudi katika hali yake hutoa ishara, na kwa kuwa tishu hutofautiana kwa kiasi na mazingira ya maji yake, ishara hizo hutofautisha tishu moja na nyingine kwa ubainifu mkubwa.

Kazi ya kwanza ya picha hizi ni kuondoa visababishi vingine. Damu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo baada ya kuanguka, uvimbe, au mrundikano wa maji katika vyumba vya ubongo huweza kuleta dalili zinazofanana na za dimenshia, na baadhi ya hali hizo hutibika kwa upasuaji. Kazi ya pili ni kuangalia kusinyaa. Katika ugonjwa wa Alzheimer, kusinyaa huonekana mapema katika hipokampasi na maeneo jirani nayo, upande wa ndani wa ndewe za pembeni. Hipokampasi ndiyo inayowezesha matukio mapya kuhifadhiwa kama kumbukumbu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusimulia harusi yake ya miaka hamsini iliyopita na asikumbuke kama amekula chakula cha mchana.

Kusinyaa huko huweza kukadiriwa kwa macho. Kipimo kilichopendekezwa na Scheltens na wenzake mwaka 1992 hutoa alama kuanzia 0 hadi 4, na alama hiyo husomwa kwa kuzingatia umri. Njia iliyo sahihi zaidi ni kumpiga mtu yuleyule picha mbili kwa kuachanisha muda, kisha kuzilinganisha. Barnes na wenzake (2009), baada ya kujumlisha tafiti nyingi, walipata kwamba hipokampasi ya wagonjwa wa Alzheimer hupungua kwa wastani wa asilimia 4.66 kwa mwaka, ikilinganishwa na asilimia 1.41 kwa wazee wasio na ugonjwa. Takwimu hizo zinafundisha mambo mawili. Kwanza, tofauti ya kasi ni kubwa. Pili, hata ubongo wa mzee mwenye afya husinyaa, kwa hiyo kusinyaa peke yake si alama ya ugonjwa.

3.2 Picha za matumizi ya nishati

Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Kipimo cha PET hutumia tabia hiyo. Mhusika huchomwa sindano yenye glukosi iliyofungamanishwa na florini-18, ambayo ni elementi nururifu. Seli zinazofanya kazi huinyonya glukosi hiyo, na mashine hunasa mionzi inayotoka mahali ilipokusanyika. Sehemu ambazo seli zake zimedhoofika huonekana hafifu.

Umuhimu wa kipimo hiki uko katika ramani inayojitokeza. Katika ugonjwa wa Alzheimer, unyonyaji wa glukosi hupungua katika sehemu za juu-nyuma na za pembeni za ubongo. Katika dimenshia ya sehemu za mbele, upungufu huonekana mbele. Katika dimenshia ya miili ya Lewy, kisogo huathirika pia. Hivyo, watu wawili wenye malalamiko yanayofanana wanaweza kutofautishwa kwa ramani zao.

3.3 Picha za protini

Wataalamu wa patholojia walikuwa wakitumia rangi iitwayo thioflavini kuyaonyesha mabonge ya amiloidi kwenye hadubini. Watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliibadilisha molekuli ya rangi hiyo ili iweze kuingia katika ubongo wa mtu aliye hai na kunata kwenye amiloidi, kisha wakaifungamanisha na kaboni-11. Jaribio la kwanza kwa binadamu lilifanyika Uppsala, Sweden. Matokeo yaliyochapishwa na Klunk na wenzake mwaka 2004 yalihusu wagonjwa 16 na watu 9 wa kulinganishia, na yalionyesha kwamba dawa hiyo ilinata zaidi katika ubongo wa wagonjwa.

Kikwazo kilikuwa muda. Kaboni-11 hupoteza nusu ya mionzi yake kila baada ya dakika 20, kwa hiyo hospitali lazima iwe na mtambo wa kuitengeneza palepale. Dawa za baadaye zilitumia florini-18, ambayo nusu ya mionzi yake hupotea baada ya dakika 110, muda unaotosha kuisafirisha kutoka kiwandani. Dawa ya kwanza ya aina hiyo kwa ajili ya amiloidi iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, na ya kwanza kwa ajili ya tau mwaka 2020. Picha za tau zina thamani ya pekee, kwa sababu kuenea kwa tau huendana na ukali wa dalili kuliko wingi wa amiloidi.

4.0 Mfuatano wa Mabadiliko

Ikiwa kila picha huona kitu chake, swali linalofuata ni kipi hutangulia. Kulijibu kwa wazee wa kawaida ni vigumu, kwa sababu hakuna ajuaye ni nani ataugua na lini. Familia chache zenye aina adimu ya kurithi ya ugonjwa wa Alzheimer zimetoa njia. Katika familia hizo, mwenye kurithi jeni husika huugua katika umri unaokaribiana na ule ambao mzazi wake aliugua. Hivyo, mtafiti anaweza kumpima mtu mwenye afya akiwa na makadirio ya miaka iliyosalia kabla ya dalili.

Bateman na wenzake (2012) walichambua data za washiriki 128 kutoka familia hizo. Kiwango cha beta-amiloidi katika majimaji ya uti wa mgongo kilianza kushuka takriban miaka 25 kabla ya umri uliotarajiwa wa dalili. Amiloidi katika picha za PET, ongezeko la tau katika majimaji hayo, na kusinyaa kwa ubongo vilionekana takriban miaka 15 kabla. Kupungua kwa matumizi ya glukosi na udhaifu wa kumbukumbu za matukio vilionekana takriban miaka 10 kabla. Mpangilio huo ulilingana kwa kiasi kikubwa na kielelezo kilichopendekezwa na Jack na wenzake mwaka 2010, kinachodai kwamba amiloidi hutangulia, kisha hufuata madhara kwa seli, na dalili huja mwisho.

Matokeo hayo ndiyo msingi wa matumaini yote ya upigaji picha wa mapema. Yanaonyesha kwamba dalili si mwanzo wa ugonjwa bali ni sura yake ya mwisho mwisho. Hata hivyo, yanahitaji tahadhari. Mpangilio uliopatikana kwa vijana na watu wa makamo wenye jeni adimu hauwezi kuhamishwa moja kwa moja kwa mzee wa miaka 80 mwenye shinikizo la damu, kisukari na historia ya kiharusi kidogo. Katika familia zile, jeni lilikwishatoa ubashiri kabla ya picha kupigwa. Kwa mzee wa kawaida, picha haina msaada huo.

5.0 Kutoka Kubaini hadi Kutambua

Kosa la kwanza linalopaswa kuepukwa ni kudhani kwamba kila mwenye amiloidi ni mgonjwa. Jansen na wenzake (2015) walijumuisha data za watu wengi ambao majaribio ya akili hayakuonyesha kasoro yoyote. Walikadiria kwamba amiloidi ilikuwepo kwa takriban asilimia 10 ya wenye umri wa miaka 50, na asilimia 44 ya wenye umri wa miaka 90. Kwa maneno mengine, tukiwachukua wazee 100 wa miaka 90 wenye akili timamu, takriban 44 watakuwa na dalili hiyo. Mzee wa umri huo akianza kusahau na picha yake ikaonyesha amiloidi, hatuwezi kusema kwa hakika kwamba amiloidi ndiyo iliyomsahaulisha. Huenda ilikuwepo tu, kama mvi zilivyopo.

Kosa la pili ni kumpima mtu mmoja kwa wastani wa kundi. Watu hutofautiana kwa ukubwa wa hipokampasi tangu ujanani. Mtu aliyezaliwa na hipokampasi ndogo anaweza kuonekana mgonjwa katika picha moja, ilhali aliyekuwa na kubwa anaweza kupoteza sehemu yake na bado akaonekana wa kawaida. Ndiyo maana picha ya pili baada ya mwaka mmoja huwa na ushahidi mzito zaidi kuliko picha moja iliyo safi kwa kiwango chochote.

Pamoja na makosa hayo, picha zina nguvu moja isiyopewa uzito wa kutosha, nayo ni nguvu ya kukanusha. Mtu mwenye dalili ambaye picha yake haina amiloidi ana uwezekano mdogo sana kuwa na ugonjwa wa Alzheimer kama chanzo cha dalili hizo, na daktari analazimika kutafuta chanzo kingine. Rabinovici na wenzake (2019) walifuatilia wagonjwa 11,409 nchini Marekani waliokuwa na upungufu mdogo wa akili au dimenshia ambayo chanzo chake kilikuwa na utata. Baada ya picha ya amiloidi, mpango wa matibabu ulibadilishwa kwa zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa katika kila kundi. Picha hapo haikufanya kazi peke yake. Iliwekwa pamoja na historia ya mgonjwa, maelezo ya jamaa na majaribio ya kumbukumbu. Kwa hiyo, kutambua ni uamuzi wa daktari unaotumia picha kama shahidi mmoja miongoni mwa mashahidi.

6.0 Kubashiri na Swali la Nani Aitwe Mgonjwa

Tofauti kati ya kubaini na kutambua imeleta mgawanyiko mkubwa miongoni mwa wataalamu. Mwaka 2018, kikundi cha watafiti kilichoundwa na taasisi ya Marekani ya masuala ya uzee pamoja na chama cha Alzheimer cha nchi hiyo kilipendekeza kwamba, kwa ajili ya utafiti, ugonjwa wa Alzheimer ufasiliwe kwa alama za kibiolojia badala ya dalili. Vigezo vilivyorekebishwa mwaka 2024 viliusogeza mtazamo huo hadi kwenye matibabu, ingawa havikupendekeza watu wasio na dalili wapimwe kiholela. Kwa upande mwingine, kikundi cha kimataifa kilichoongozwa na Bruno Dubois kilisisitiza mwaka 2021 kwamba mtu mwenye alama hizo lakini asiye na dalili asiitwe mgonjwa, bali aelezwe kuwa yuko katika hatari.

Mtu anaweza kudhani kuwa huo ni ubishi wa majina tu. Sivyo. Anayeambiwa "una ugonjwa" na anayeambiwa "uko katika hatari" hawarudi nyumbani na mzigo mmoja. Wa kwanza huenda akaacha kazi, akagawa mali, au akaanza kutazamwa na jamaa kama asiyeweza kuaminiwa kwa uamuzi wowote, ilhali huenda akafikisha miaka 90 na kufa kwa sababu nyingine akiwa na akili zake. Makala haya yanaunga mkono msimamo wa pili kwa watu wasio na dalili, kwa sababu ubashiri wa picha bado ni wa makundi. Picha inaweza kusema kwamba miongoni mwa watu wa aina hii wengi zaidi wataugua. Haiwezi kusema kwamba huyu ataugua, wala lini.

Hoja hiyo hupata nguvu tukitazama kama kubaini mapema kumeleta tiba. Katika jaribio lililoripotiwa na Sperling na wenzake mwaka 2023, watu 1,169 wasio na dalili ambao picha zao zilionyesha amiloidi walipewa dawa iitwayo solanezumabu au dawa ya kulinganishia kwa takriban miaka minne na nusu. Dawa haikupunguza kasi ya kudhoofika kwa akili. Matokeo yalikuwa tofauti kwa dawa iitwayo lekanemabu, iliyojaribiwa kwa watu 1,795 waliokwisha kuwa na dalili za awali. Van Dyck na wenzake (2023) waliripoti kwamba kudhoofika kulipungua kwa asilimia 27 katika miezi 18, sawa na alama 0.45 katika kipimo chenye alama 18. Hata hivyo, asilimia 12.6 ya waliopewa dawa walipata uvimbe wa ubongo uliobainika kwa MRI, hata pale ambapo hawakuhisi chochote. Hapa picha imepata kazi mpya: kumlinda mgonjwa dhidi ya tiba yake mwenyewe. Nchi isiyoweza kurudia MRI mara kwa mara haiwezi kuitoa dawa hiyo kwa usalama.

7.0 Nafasi ya Picha katika Mazingira ya Tanzania

Tafiti nyingi zilizotajwa zimefanyika Ulaya na Marekani, na viwango vinavyotumika kusema kwamba ubongo fulani ni wa kawaida vimetokana kwa kiasi kikubwa na watu wa huko, wengi wao wakiwa na elimu ya juu. Elimu, lishe ya utotoni na maradhi ya mishipa huathiri ukubwa wa ubongo na uwezo wake wa kustahimili uharibifu. Kutumia viwango hivyo kwa mzee wa Kilimanjaro bila kuvihakiki ni sawa na kumshonea mtu kanzu kwa vipimo vya jirani yake. Jitihada za kuziba pengo hilo zimeanza barani Afrika. Jijini Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wamechapisha tafiti zinazolinganisha picha za MRI, vipimo vya damu na majaribio ya akili kwa wazee wa huko.

Nchini Tanzania, mfano unaojulikana zaidi ni wa wilaya ya Hai. Longdon na wenzake (2013) waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na kukadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia baada ya kuzingatia mgawanyo wa umri. Utambuzi huo ulitegemea mahojiano na uchunguzi wa kitabibu. Kutokana na kazi ya Hai, Gray na wenzake (2014) waliunda jaribio fupi linalowafaa wasiojua kusoma. Miongoni mwa mambo mengine, mzee huombwa akumbuke orodha ya maneno na apange vijiti vya kiberiti kwa kufuata umbo analoonyeshwa. Vijiti hivyo havioni amiloidi, lakini vinajibu swali ambalo picha haiwezi kulijibu: je, akili ya mtu huyu inafanya kazi yake?

Wilaya hiyohiyo inaonyesha pia picha zielekezwe wapi. Dewhurst na wenzake (2013) walipata kwamba takriban asilimia 70 ya wazee wa Hai walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba sehemu ndogo tu walikuwa wamelidhibiti. Shinikizo lisilotibiwa huharibu mishipa midogo ya ubongo. Katika MRI, uharibifu huo huonekana kama madoa meupe katika sehemu za ndani za ubongo, ambayo hupewa alama 0 hadi 3 kwa kipimo cha Fazekas cha mwaka 1987. Badiliko hili, tofauti na amiloidi, lina hatua ya kuchukuliwa leo kwa dawa zilizopo katika vituo vya afya. Kamisheni ya jarida la The Lancet (2024) ilikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani huhusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, upungufu wa kusikia na elimu duni.

Kwa msingi huo, makala yanapendekeza mpangilio wa vipaumbele. Kwanza, jaribio la akili na kipimo cha shinikizo la damu katika ngazi ya zahanati. Pili, picha ya CT kwa mwenye dalili, hasa zilizoanza ghafla au baada ya kuanguka, ili chanzo kinachotibika kisipite bila kuonekana. Tatu, MRI katika hospitali za rufaa kwa visa vyenye utata na kwa ajili ya kujenga viwango vya wenyeji. Picha za amiloidi na tau zibaki katika utafiti hadi viwango hivyo na tiba inayotekelezeka vipatikane.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba picha za ubongo zimefanikiwa kuyaleta mabadiliko ya awali mbele ya macho ya daktari miaka mingi kabla ya dalili. Yameonyesha pia kwamba kuona huko hakutoshi kumtambua mgonjwa, na hakutoshi kabisa kutabiri maisha ya mtu mmoja.

Tofauti hiyo inapaswa kudhihirika katika lugha ya ripoti na ya maelezo kwa familia. Ripoti inayobaini iseme: "Hipokampasi imesinyaa kuliko inavyotarajiwa kwa umri huu." Ripoti inayosaidia kutambua iseme: "Badiliko hili, pamoja na matokeo ya majaribio ya kumbukumbu na maelezo ya jamaa, linaendana na ugonjwa wa Alzheimer." Na pale familia inapouliza kuhusu miaka ijayo, jibu la kweli ni kwamba picha hii peke yake haiwezi kusema, irudiwe baada ya mwaka, na shinikizo la damu litibiwe kuanzia leo. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyatenganisha mambo hayo matatu. Kwa mzee aliyeuliza swali mara ya tatu, na kwa binti yake anayesubiri nje ya chumba cha kipimo, kuvitumia ipasavyo ni sehemu ya matibabu.